Malkia Aliyeogeshwa Murusagamba

Vijana wangu, mkinitumia picha, pigeni picha ya kiuno. Nimewaambia hili kwa simu, nimewaambia kwa ujumbe wa sauti, na Jumapili moja pale Rulenge nilimwambia mmoja wenu mlangoni mwa kanisa kwa sauti iliyomfanya padre ageuke. Kiuno! Mnaniletea mdudu aliyepigwa picha kutoka juu, jua linawaka, kivuli cha kichwa chenu kimemfunika yeye mwenyewe, halafu mnaandika: "Shikamoo bibi, huyu ni malkia wa seremala?" Marahaba. Sasa mimi nitajuaje? Kwa picha kama hiyo hata marehemu mume wangu nisingemtambua.

Msidhani nimekasirika. Nafurahi mno. Nimestaafu, niko kwangu Murusagamba na migomba yangu na maharage yangu, na simu ikilia nikaona mdudu, siku yangu imekuwa njema. Hata picha mbovu naitazama mara mbili. Ila naona wengi wenu mmeingia kazini mkiwa na haraka ya kutaja jina, na kwa kuwa haraka hiyo naijua kwa karibu, nimeona niwasimulie mambo mawili matatu kabla sijasahau.

Kwa walioingia juzi: nilifanya kazi miaka mingi katika kituo kidogo cha wadudu Biharamulo. Tulikuwa tunatafuta kuwajua chungu wa misitu na mashamba ya kwetu, nani anaishi wapi na anakula nini. Mimi niliangukia upande wa malkia, na hasa malkia wa yule chungu mkubwa anayechimba vyumba ndani ya mbao, ambaye sote tulimwita seremala. Hali mbao, msimsingizie. Anaitafuna na kuitema, ndiyo maana unaona unga umemwagika chini ya kenchi ukadhani fundi amepita na msumeno.

Vibarua wake ni rahisi kuwajua, wako wengi na wako nyumbani kwao. Malkia ndiye mtihani. Huruka na mbawa zake mara moja tu maishani, baada ya mvua, akishachukua mimba hushuka chini na kuzikata mbawa mwenyewe. Ukimkuta asubuhi anatembea peke yake njiani, hana ndugu wala jirani wa kumsemea ni wa ukoo gani. Ni juu yako kumtambua. Ukishamtaja unamtia kwenye mrija wa kioo wenye maji nyuma ya pamba, unamfungia gizani, unangoja azae. Watoto wakitoka ndipo unajua kama jina ulilompa ni lake.

Siku niliyokwenda kuomba kazi nilikuta mzee mmoja mrefu, mpole, amevaa kofia ya pama iliyokwisha rangi, anafuta lenzi yake kwa ncha ya shati. Huyo ndiye Mzee Ndaki. Alikuwa Msukuma, watu wao walihama na ng'ombe zao kutoka Shinyanga wakaweka makazi Nyabusozi. Akaniuliza kama nimewahi kumwona malkia wa seremala.

"Nimewahi kumla," nikajibu.

Nilisema kweli. Kwetu mvua ikianza, kumbikumbi wakitoka, watoto wote tunatoka na mabakuli. Sisi Wahangaza tunawaita iswa, na hakuna mtoto asiyewajua. Lakini kuna asubuhi seremala naye huruka saa hiyohiyo, na mtoto mwenye pupa hachagui. Nilimtia mmoja mdomoni mzimamzima. Siki! Ilinipanda puani, nikatema, mama akacheka hadi akaketi chini, akanionyesha: mtazame, huyu ana kiuno kama amefungwa uzi, iswa hana kiuno. Tangu siku ile sikukosea tena.

Mzee Ndaki aliposikia hivyo alicheka kofia ikadondoka. Akamwita mkuu wa kituo. "Huyu mumwandike," akasema. "Ladha anaijua, tutamfundisha sula." Ndivyo alivyosema, maana r yake ilikuwa l, na alipokwambia "halaka ya nini, Koleta?" ulijua umeshakosea mahali.

Alinifundisha kumtazama malkia kama anavyotazama ng'ombe mnadani. Huanzi na rangi. Rangi ni ya kumpendeza mpita njia. Unaanza na kifua: kama ni kinene na kina makovu ya mbawa ubavuni, huyo ni malkia, kama hana makovu na kifua ni chembamba, ni kibarua mkubwa tu anayekupotezea muda. Kisha papasi, vile vijiti viwili vya kichwani anavyopapasia njia. Za chungu zimepinda kama kiwiko, za kumbikumbi zimenyooka kama shanga kwenye uzi. Kisha kiuno, ambacho kwa seremala kina kinundu kimoja, laini, bila pambo. Kisha usoni: kwa seremala mashina ya papasi yamejitenga kidogo na ukingo wa mdomo, hayakubanana nao. Mwisho kabisa, ncha ya tumbo. Seremala hana sindano. Ana kitundu chenye vinywele vilivyozunguka, na ile siki yangu ya utotoni inatokea hapo. Akikudunga, mwombe radhi, umemwita kwa jina la mtu mwingine.

Siku hizi mnakata mguu mmoja wa mdudu, mnautuma maabara, na jibu linarudi na ukoo wake wote. Ni jambo zuri na nawaonea wivu. Lakini kabla mguu haujarudi na jibu, malkia yuko mikononi mwenu akiwa hai, na lazima muamue asubuhi hiyohiyo mtamtunza vipi. Mtu asiyejua kuangalia atamuua wakati jibu liko njiani.

Halafu kuna watu. Hakuna anayewafundisha kuhusu watu. Biharamulo ukipiga magoti porini na kuanza kuchungulia ardhi kwa lenzi, usifikiri utaachwa peke yako. Asubuhi moja Nyabusozi, mvua imekatika, mimi na Mzee Ndaki tulikuwa tumeinamia gogo kubwa lililoanguka, tunatafuta tundu. Akatokea baba mmoja na jembe begani. Akasimama. Akaja wa pili. Kufumba na kufumbua wapo kina mama na makarai.

"Mmeliona jiwe?" baba wa kwanza akauliza kwa sauti ya chini.

"Tunatafuta malkia," Mzee Ndaki akamjibu.

"Malkia." Baba akawageukia wenzake. "Mmesikia? Wataalamu wana majina yao. Huo mwamba wa malkia una dhahabu nyingi au kidogo?"

Tulieleza, tukaapa, tukaonyesha mirija. Kadiri tulivyokana ndivyo walivyoamini. Wakaanza kuchimba kuzunguka gogo, kisha wakalipasua gogo lenyewe kwa shoka, kazi ambayo sisi wawili ingetushinda. Ndani ya gogo, vyumba kwa vyumba, seremala! Wakamwagika kama ugoro. Watu walirudi nyuma wakijikung'uta, na mama mmoja akatuambia kwa huruma kabisa, "Poleni, baba. Hamna kitu humo, ni wadudu watupu." Mzee Ndaki alipiga magoti akawashukuru mmoja mmoja. Njia nzima ya kurudi alikuwa anacheka peke yake.

Nawasimulia vicheko vyake ili mwelewe nilivyoumia vilipoanza kupungua.

Kulikuwa na malkia mmoja aliyempenda kuliko wote. Mkubwa, mweusi, tumbo lake limefunikwa na vinywele vya rangi ya dhahabu, ukimgeuza kwenye mwanga anameremeta kama kitambaa cha harusi. Tulimwita Hariri. Kila msimu wa mvua tulimpata mmoja au wawili ukingoni mwa msitu, na kwa dalili zote tulizojua alikuwa seremala: kinundu kimoja kiunoni, sindano hana, siki anayo. Vibarua wake hatukuwajua. Mzee Ndaki alitaka amlee hadi watoto watoke, hilo tu. Mimi nililea maseremala wa kawaida, yeye alilea Hariri, maana hakumpa mtu mwingine hata amshike.

Wangu walizaa. Wake walikufa. Kila msimu. Anamfungia gizani kama inavyotakiwa, hamsumbui, hampi chakula, kwa sababu malkia wa seremala hahitaji. Nyama ya mabawa yake iliyobaki kifuani ndiyo akiba yake, anaiyeyusha mwenyewe na kuwalishia watoto wa kwanza, ukimfungulia kila mara unamtia hofu tu, atakula mayai yake. Mzee Ndaki alikuwa hodari wa kungoja kuliko mtu yeyote. Na mwisho wa kungoja, akifungua, anakuta ukungu mweupe umemfunika Hariri na hata umbo halionekani.

Kwanza alifanya mzaha. Kwao, alisema, tangu utoto shangazi yake alimwambia ana mkono wa kisirani, akipanda mbegu haioti, na mkewe hakumruhusu kugusa mbegu za maboga. Tulicheka pamoja. Msimu uliofuata aliusema mzaha uleule lakini hakucheka. Kisha akaacha kuusema.

Siku moja, wakati tunaosha mirija, akaniambia ameomba ahamishiwe stoo ya vifaa.

"Stoo kufanya nini, mzee wangu?"

"Kuhesabu majembe. Jembe halifi, Koleta."

Kituo kile bila Mzee Ndaki porini kingekuwa ofisi tu yenye harufu ya spiriti. Na yeye bila pori angezeeka ndani ya mwaka. Nilimsihi asubiri msimu mmoja. Akafikiri, akasema sawa, ila kwa sharti: safari hii Hariri nimtafute mimi na nimlee mimi, yeye hata asimwone. "Akiishi mkononi mwako, basi ni mkono wangu," akasema. "Nitakwenda stoo na moyo mweupe."

"Na akifa?"

"Akifa, basi sote hatuwezi. Nitakwenda stoo vilevile."

Mnaona mtego huo? Nilikubali kwa sababu msimu mmoja ni msimu mmoja.

Msimu ulipofika nilikuwa likizo, hapahapa Murusagamba, kwa mama mkwe wangu, Bi Skolastika. Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi barabara yetu ilikuwa tope jekundu tupu, pikipiki zinasukumwa. Nikaenda mgombani kukata majani, na pale chini, juu ya gome la mgomba ulioanguka, Hariri anajikongoja, amejaa tope kichwa hadi tumbo. Nilitupa panga. Nilimziba kwa kiganja, nikakimbia naye nyumbani kama mwizi wa kuku. Mrija nilikuwa nao, siku zote nasafiri nao. Ile dhahabu iliyojitokeza kwenye tope ilinitosha, na Mzee Ndaki alinifundisha aliyebeba mimba hasumbuliwi, kwa hiyo sikumshika kwa kibano, sikumgeuza. Nikamtia ndani, pamba, nikaufunga mrija kwa kitambaa cheusi, nikauweka juu ya kabati la mama mkwe.

"Ni nini hicho?" Bi Skolastika akauliza.

Hapo ndipo nilipojichongea. Nilimweleza kwa furaha yangu yote: mama, huyu ni malkia, ana mimba, namfungia gizani ajifungue, sitampa chakula hadi watoto wake wakue.

Akaacha kuchambua maharage. "Hutampa chakula."

"Hahitaji, mama. Ana akiba mwilini."

"Mama Deo, wewe ulipojifungua Deo, nilikuambia una akiba mwilini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwetu mzazi haachwi peke yake. Anaogeshwa kwa maji ya moto, anapewa igikoma, uji wetu wa mtama, hadi aombe msamaha, na hatoki nje hadi siku ya kumtoa mtoto. Bi Skolastika ndiye aliyewaogesha wazazi wa mtaa huu wote. Nilimwambia chungu si binadamu. Akasema, "Sawa," kwa ile sauti ya wazee ambayo maana yake si sawa hata kidogo.

Niliporudi kutoka sokoni siku chache baadaye nilimkuta ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha, kisahani cha chai mapajani. Kitambaa cheusi kimekunjwa vizuri pembeni. Mrija uko wazi. Mkononi ana unyoya wa kuku.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimemwogesha," akasema. "Alikuwa mchafu, amelegea, hata kutembea hawezi. Mzazi wa watu! Nikampa na asali, maana kwenye uji alikuwa anazama." Akaniangalia. "Unalia nini? Mtazame anavyokunywa."

Nililia kweli, sioni aibu. Nilimwona Mzee Ndaki stoo, anahesabu majembe. Nikapiga magoti pale kizingitini nimtoe Hariri kwenye kisahani, na kwa kuwa mambo yalikuwa yameshaharibika, nikachukua lenzi nimtazame angalau vizuri kwa mara ya mwisho.

Bi Skolastika alikuwa ameosha kweli. Hakuna chembe ya tope. Hariri alikuwa ameinama anakunywa asali kama mtu aliyetoka kulima, ubavu wake uko kwenye jua, na kiuno chake kiko wazi mbele yangu. Kwenye kile kinundu, ambacho sisi miaka yote tulikitazama kutoka juu kupitia kioo, palikuwa na miiba miwili. Mifupi, imepinda kufuata tumbo na kulalia humo ndani ya vinywele vya dhahabu, kama pembe za ndama zinazoanza kuota. Nikamgeuza upande wa pili. Ipo.

Seremala hana miiba kiunoni. Mwenye miiba ni binamu yake, mwenye siki kama yeye na asiye na sindano kama yeye, lakini desturi za nyumbani kwake ni nyingine. Malkia wa huko hajifungii na akiba. Anachimba kijumba, anataga, kisha anatoka mwenyewe kutafuta chakula, anarudi, anatoka tena. Vibarua wa ukoo huo tulikuwa nao kituoni wamejaa tele kwenye masanduku. Mama yao tulikuwa tunamwita seremala na kumfungia gizani kwa heshima zote hadi anakufa njaa.

Mtandao wa simu kwetu, wakati ule, ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya shule. Nilikimbia hadi kichuguuni na ndala moja.

"Mzee! Hariri si seremala!"

"Shusha pumzi kwanza, Koleta. Halaka ya nini?"

Nikamweleza miiba. Nikamweleza asali, unyoya, kisahani.

"Una hakika ni miiba, si tope lililokauka?"

"Ameogeshwa, mzee. Na mama mkwe wangu. Hakuna tope linalobaki kwa mama mkwe wangu."

Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo wale wote..."

"Walikuwa na njaa, mzee wangu. Njaa tu."

Nilimsikia anavuta pumzi na kuishusha. Mwisho akasema hataamini hadi watoto watoke, maana miiba ni jambo moja na kuishi ni jambo lingine, na barua yake ya kuomba stoo haiondoi bado. Niliteremka kichuguuni nikijua kwamba bado hatujashinda.

Nikajenga nyumba mpya: mrija ule ule, lakini mlango wazi, unaotokea kwenye bakuli lililopakwa mafuta ya kujipaka ukingoni asipande. Humo tone la asali na mguu wa panzi. Likizo ilipokwisha sikuthubutu kumsafirisha kwa barabara yetu ile. Nikamwacha kwa Bi Skolastika, na hapo nilipata taabu nyingine, maana sasa alikuwa na cheo. Alinipigia simu Biharamulo kunipa taarifa kana kwamba mimi ndiye karani wake. "Mzazi hajambo. Asali leo ameikataa, panzi amemaliza." "Mzazi ametaga, mayai meupe, anayalamba." "Mzazi anauliza mbona humtembelei." Kila taarifa niliipeleka kwa Mzee Ndaki, naye aliisikiliza amekunja mikono, anaitikia "mm".

Ili msije mkasema bibi amewafundisha kumlisha kila mdudu: baadaye Bi Skolastika, kichwa kikiwa kimevimba, alimlisha asali malkia wa seremala wa kweli, wangu, aliyekuwa amefungiwa kwa haki. Yule alikula mayai yake yote kwa hofu, na asali ikaota ukungu. Tulinuniana hadi Dominika. Asali ileile, mwanangu. Inategemea ni kiuno cha nani.

Basi siku moja simu ikaja fupi. "Wametoka. Njooni na huyo mzee wenu. Mtoto hatolewi nje bila wageni."

Tulisafiri na lori la mihogo hadi lilipogoma, kisha pikipiki. Mzee Ndaki alishika kofia yake kwa mikono miwili njia nzima. Tulipofika uani tulikuta mkeka umetandikwa, watoto wa jirani wameketi mduara wanakula maharage na ndizi kama ilivyo desturi ya kumtoa mtoto, na kila mmoja anataja jina analopendekeza, kelele tupu. Katikati ya mkeka, bakuli. Bi Skolastika alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka.

"Shikamoo, mama," Mzee Ndaki akavua kofia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, uone wajukuu."

Akapiga magoti na lenzi. Vibarua wa kwanza huwa wadogo sana, mama yao hana cha kuwanenepesha. Lakini walikuwa wao kabisa: weusi, vumbi la dhahabu tumboni, na kila mmoja ana miiba yake kiunoni, mikubwa kuliko ya mama. Waliingia na kutoka mlangoni mwa mrija kama watu wanaohamia nyumba mpya. Mzee Ndaki aliwatazama hadi watoto wakamaliza kula na kuja kumzunguka.

Bi Skolastika akamnyooshea kijiti chenye asali. "Haya, babu yao, walishe."

Akaficha mikono nyuma. Mtu mzima vile, mbele ya watoto. "Hapana, mama. Mkono wangu si mzuri kwa hawa."

"Nani kasema?"

"Wengi wamekufa mkononi mwangu."

"Koleta ameniambia yote." Bi Skolastika hakushusha kijiti. "Ulikuwa unawanyima chakula, mwanangu. Mtu ukimnyima chakula anakufa, hata ukiwa na mkono wa askofu. Shika."

Watoto wakacheka, nami nikacheka, na nilikuwa nimeziba mdomo kwa khanga ili nisilie tena. Mzee Ndaki akashika kijiti. Tone likaanguka kando kidogo ya mlango. Tukangoja. Kibarua mmoja, mdogo kuliko herufi, akatoka, akapapasa, akalikuta. Akanywa hadi tumbo likawa angavu. Kisha akageuka mbio akaingia ndani, akamkuta Hariri amelalia vifuko vya watoto wake ambao hawajatoka, akasimama mbele yake, na mdomo kwa mdomo akamlisha mama yake.

Mzee Ndaki aliinua uso. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka kile kicheko cha Nyabusozi, kile cha gogo na dhahabu, ambacho sikuwa nimekisikia kwa misimu kadhaa.

"Mama," akamwambia Bi Skolastika, akinyoosha mkono, "naomba nimpe tena."